Mlango wa Chumba cha Juu

Ibighi, Tukuyu
Jumanne, 4 Machi

Mama,

Ni mlio mmoja tu. Tetemeko lilikuwa limekwisha, wasichana wote walikuwa wameshakimbilia uwanjani, mabati yalikuwa yamenyamaza. Ndipo ukuta wa bweni ulipotoa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayevunjia kuni gotini. Mara moja, basi. Nilikuwa chini ya ngazi, kiganja changu kikiwa ukutani, na nadhani niliusikia kwa mkono kabla ya sikio. Tangu Jumapili nikinyamaza kidogo tu nauona ule ukuta, nao umenyamaza kama mtu aliyesema jambo na hataki kulirudia.

Shikamoo mama. Nisamehe, nimeanza bila salamu. Mimi ni mzima, sijaumia popote. Najua dada Prisca amekwambia kwamba ardhi ilitikisika huku, na najua hukulala. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulipopigiana ulinijibu habari za ng'ombe nilipokuuliza habari za sikio lako. Barua ni bora. Dada akusomee kwa sauti kama mwandiko wa kwenye simu ni mdogo.

Nilikuwa shuleni kwa bahati tu. Betri za kile kifaa tulichofunga Agosti kwenye ngazi za bweni zilikuwa zimekufa, nikapanda bodaboda kwenda kuzibadilisha. Nilikuwa ndiyo nimemaliza. Saa tisa alasiri, wasichana wengi wakifua nje, wachache ndani. Walioumia ni wawili, waligongana mlangoni. Bweni limesimama. Lina nyufa nyembamba juu ya madirisha, na nyingine siwezi kusema kama ni mpya au za zamani, kwa sababu plasta ya bweni hili unaijua.

Mkuu mpya wa shule, Mwalimu Medard, yule aliyehamia Januari baada ya wewe kustaafu kazi ya stoo, ni mtu wa Kagera. Nyumba ya baba yake ilianguka kwenye tetemeko la Bukoba. Aliwahamishia wasichana wote tisini na sita kanisani siku ileile, bila kumuuliza mtu. Wanalala sakafuni juu ya mikeka. Mvua haikatiki na baridi ya pale shuleni Isongole unaijua wewe kuliko mimi.

Nimepewa kazi ya kusema kama wanaweza kurudi. Yaani mimi, mama. Mhandisi Lazaro, mkuu wangu wa mradi wa kupima majengo, yuko Dodoma; atasaini, lakini macho yaliyopo huku ni yangu.

Nisalimie dada, na umbusu mtoto.

Mwanao,
Tuli


Mpanda
Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu Tulinagwe,

Marahaba. Ugonile, mama? Kama umeamka salama namshukuru Kyala, Mungu wetu, maana tangu Jumapili nilikuwa nakula chakula kama nakula karatasi. Sisi huku tu wazima. Prisca kidonda kimefunga, anakaa vizuri sasa. Mjukuu wangu Gwakisa ananyonya mpaka anasahau kupumua, halafu analia kana kwamba sisi ndio tuliomziba pua. Joto la huku ni la ajabu. Nimeuliza sokoni ndizi za kupika, mama mmoja akanionyesha vitu vidogo kama vidole vya mtoto. Nikamwambia, hizi kwetu tunawapa kuku. Akacheka, nikamnunulia hivyohivyo.

Naandika kwenye daftari, Prisca anapiga picha. Usicheke mwandiko.

Nawahurumia hao watoto sakafuni. Baridi ya kule mwezi wa tatu inaingia kwenye mfupa. Waambie wapikiwe uji wa asubuhi mzito, na Andongwisye asibane sukari. Yule binti nilimfundisha kazi ya stoo miaka sita, ni mzuri, ila mkono wake ni wa birika.

Sasa nieleze, hicho kifaa kinajuaje kama jengo ni zima? Mimi naona ni kisanduku kama cha sabuni. Kinaona ndani ya ukuta? Na chumba cha juu pale bwenini, je, mlikifungua? Nauliza tu.

Usikae karibu na kuta. Na ule mlio usiuwazie sana, majengo ya matofali hulia kama wazee.

Mama yako


Ibighi, Tukuyu
Jumatatu, 10 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini Gwakisa ameshajua kupumua. Hapa kwangu ni kikohozi kidogo tu, na barabara ya kutoka kwa mama mwenye nyumba hadi lami imekuwa tope; leo nimeacha kiatu kimoja humo nikakirudia.

Umeniuliza kifaa kinajuaje. Hakioni ndani ya ukuta. Kinasikiliza jengo linavyoyumba. Kila jengo linayumba, hata likiwa limetulia machoni, kwa upepo, kwa watu wanaotembea, na kila moja lina mwendo wake. Fikiria mgomba. Ukiusukuma mgomba mzima, unarudi haraka. Ukiusukuma ulioliwa mizizi na wadudu wa fukusi, unakwenda taratibu, unarudi taratibu. Jengo nalo likipasuka ndani, mahali ambapo plasta haionyeshi, linaanza kuyumba polepole. Kwa hiyo tunapima mwendo wake likiwa zima, halafu tunapima tena baada ya tetemeko, na tunalinganisha. Kifaa hiki hakiandiki kila siku, betri zingekwisha. Kinalala, ardhi ikitikisika kinaamka.

Agosti bweni liliyumba mara nne na nukta moja kwa sekunde. Nimelipima tena siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni. Nne na nukta moja. Halikupungua hata chembe. Mhandisi Lazaro alifurahi mpaka akanipigia. Alisema, "Hilo jengo ni jiwe, Tuli. Toa kadi ya kijani, watoto watapata kichomi bure."

Na kweli watatu walishapata, mmoja yupo hospitali hapa Tukuyu.

Basi nimetoa. Nimeibandika leo asubuhi mlangoni kwa mkono wangu. Mwalimu Medard alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nikamuuliza, "Mkuu, huna imani?"

Akasema, "Mimi nikiliangalia jengo lolote naliona linaanguka, binti yangu. Hata hili kanisa. Kwa hiyo macho yangu siyahesabu. Nimekungoja wewe na mashine yako mnieleze. Mmesema ni zima?"

"Vipimo vinasema ni zima."

"Basi wanarudi leo."

Na wamerudi leo, tisini na sita, magodoro kichwani, wakiimba.

Chumba cha juu tulikifungua, Andongwisye alikuwa na ufunguo. Kitupu, sakafu imefagiliwa. Hata vile vitanda vibovu ulivyoniambia Agosti mlishaviondoa. Unakumbuka? Nilikuuliza kilichomo kwa sababu fomu ina mstari wa mzigo uliopo ghorofani, nawe ukatikisa bunda lako la funguo ukasema, "Humo ni vitanda vibovu tu, mwanangu, vumbi litakuchafua." Nikaandika: hakuna.

Ningepaswa kuwa na furaha. Namba imesema, na namba ndiyo niliyosomea. Lakini nilipokuwa narudi nyuma ya bodaboda nilijikuta nakiangalia kiganja changu.

Mwanao,
Tuli


Ibighi, Tukuyu
Ijumaa, 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Siku nne huna neno. Dada Prisca ameniandikia kwamba nyote mu wazima, kwamba unaandika na kuchana, unaandika na kuchana. Unaumwa? Sikio? Niambie.

Jana jioni ardhi ilitikisika tena, kidogo, kama lori linalopita. Wasichana walitoka mbio na wakagoma kuingia. Mkuu akanipigia, nikaenda. Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye majani, wamejifunika mablanketi, hawapigi kelele. Afadhali wangepiga. Mmoja wa kidato cha pili, anaitwa Atupele, msichana mwembamba mwenye ulimi, akaniuliza mbele ya wote, "Dada, hiyo kadi yako ya kijani ni nzuri. Wewe ungelala humu?"

Nikasema ningelala.

"Basi lala tuone."

Nikaingia. Nikapanda kitanda cha juu, nikalala chali na viatu vyangu vya tope. Wakasogea dirishani kuniangalia, wakaanza kucheka, mwishoni wakaingia mmoja mmoja. Atupele akasema, "Shuka, hicho ni changu, umenichafulia shuka." Na wote wakacheka tena, nami nikacheka.

Lakini nikwambie wewe, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Nikiwa pale juu, dari ikiwa karibu na uso wangu, nilisikia hofu ambayo haikuwa ya mawazo. Ilikuwa ya ngozi. Niliitazama sakafu ya ghorofa iliyo juu yetu na nikataka kutambaa nje kama mtoto. Sikuwa na sababu. Namba ni ileile, nimeipima tena leo. Mtu aliyesoma hawezi kuwaambia watu tisini na sita warudi kwenye baridi kwa sababu ngozi yake imesisimka. Kwa hiyo nimewaacha humo.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Tuli wako


Mpanda
Jumanne, 11 Machi

Mwanangu Tuli,

Marahaba. Natumaini kikohozi kimepungua, chemsha tangawizi. Huku wote ni wazima.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimeelewa habari ya mgomba. Hata mimi nilishaona hivyo, mgomba ulioliwa huyumba kama mlevi. Lakini mwanangu, mimi nimelima ndizi tangu sijavunja ungo, nikuulize swali la mtu asiyesoma. Mgomba wenye mkungu mkubwa, si nao huyumba polepole? Ni mzima kabisa, mizizi yake ni mizima, ila umebeba. Ukikata mkungu ndipo unarudi haraka. Sasa kama nimekata mkungu, halafu nikausukuma, nao bado unakwenda polepole vilevile kama ulipokuwa umebeba, mimi nitasema huo umeoza.

Agosti bweni lilikuwa limebeba.

Havikuwa vitanda vibovu. Yalikuwa mahindi. Magunia mia mbili na kumi, mchango wa wazazi, chumba kizima mpaka kwenye madirisha. Unajua stoo ya chini inavyotoa maji sakafuni. Mwaka juzi mahindi yaliota humo kama shamba, tukamwaga, na watoto wakala uji mwepesi mpaka mitihani. Mkaguzi alikuja akakataza chakula kisiwekwe bwenini. Mimi sikuweza kuyaangalia yakioza tena. Mimi na Andongwisye na vibarua tuliyapandisha kwa mgongo siku mbili, na kwenye kitabu nikaandika yapo chini. Mlipokuja na wageni wa mradi, nilidhani mtatoa taarifa kwa mkaguzi. Ndiyo maana nilikwambia vile. Nilimdanganya mtoto wangu mwenyewe mbele ya wageni wake, nawe hukuniuliza mara ya pili.

Mahindi hayo yameliwa yote, ya mwisho yalishushwa Februari.

Labda nimekosea, mimi si mtaalamu. Pengine magunia si kitu kwa jengo kubwa vile. Kama si kitu, niambie si kitu. Na ukishasoma picha hii, ifute.

Mama yako

Jumapili, 16 Machi. Barua hii niliiandika Jumanne. Sikuituma. Prisca hakukosa bando, asilaumiwe. Niliogopa. Leo asubuhi nimesoma ile yako ya kulala kwenye kitanda cha yule mtoto, nikamwambia Prisca, tuma.


Ibighi, Tukuyu
Jumatatu, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, nisamehe salamu fupi.

Si kwamba si kitu. Magunia mia mbili na kumi ni kama malori matatu madogo yaliyopandishwa ghorofani. Ghorofa tupu lilipaswa kuyumba haraka kuliko Agosti. Halikuyumba haraka. Swali lako la mgomba ndilo swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi, na limechukua mistari mitano kwenye daftari lako.

Jana baada ya ibada nilifungua upya rekodi ya tetemeko. Kifaa kinahifadhi sekunde chache za mwanzo, mtikisiko ukiwa bado mdogo, kabla haujawa mkali. Hizo huwa hatuziangalii, programu inazikata. Niliziangalia. Katika sekunde tatu za kwanza bweni liliyumba mara nne na nukta saba. Lilipomaliza kutikiswa, nne na nukta moja. Lilianza likiwa jengo moja, likamaliza likiwa jengo jingine, na ile namba niliyosherehekea ilikuwa imefanana kwa bahati mbaya tu.

Nimempigia Mhandisi Lazaro. Alinisikiliza, halafu akasema, "Sekunde tatu si ushahidi, Tuli, sekunde tatu ni kelele. Siwezi kwenda mbele ya kamati ya mradi kufuta kadi niliyosaini wiki moja iliyopita kwa kelele. Unasema kulikuwa na mahindi. Nani aliyaona?"

Nikamwambia bado siwezi kumtaja.

"Kitabu cha stoo kinasemaje?"

Kitabu kinasema chini, mama, kwa mwandiko wako. Nimekwenda kwa Andongwisye. Alikuwa anapepeta maharage. Aliposikia neno mahindi hakuinua hata kichwa. "Mahindi juu? Mimi dada yangu sijui mahindi, mimi najua maharage. Kamuulize aliyekuzaa." Akaendelea kupepeta kwa nguvu, ungo wote unalia.

Na Mwalimu Medard nimemwambia kila kitu isipokuwa jina lako. Amekonda wiki hii. Kumbe alipowapeleka kanisani mara ya kwanza aliitwa wilayani akaulizwa kwa nini anatia wazazi hofu. Alisema, "Nimeshaonekana mwoga mara moja. Nikiwatoa tena bila karatasi, kesho nitaletewa mtu mwingine wa kuongoza shule, naye atawarudisha. Niletee karatasi, Tuli. Hata ikija saa sita mchana, saa saba watakuwa nje."

Karatasi ni barua yako. Hakuna nyingine. Vibarua wametawanyika, mahindi yameliwa. Sijaifuta. Naomba unipe ruhusa niitume kwa Mhandisi Lazaro.

Tafadhali nijibu leo. Kila jioni wanapoingia ndani mimi huwa nimekaa hapa Ibighi nikiangalia mawingu ya upande wa Isongole kama mtu anayeweza kuyasoma.

Mwanao,
Tuli


Mpanda
Jumanne, 18 Machi

Mwanangu Tulinagwe,

Marahaba. Mtoto alikuwa na homa jana, leo amepoa. Kwa hiyo nimechelewa kidogo, si kwa kusudi.

Nimekusikia. Nakuomba nawe unisikie. Mtu akisoma kwamba mtunza stoo aliandika mahindi yako chini kumbe yako juu kwenye chumba alichofunga mwenyewe, hatasoma habari ya maji sakafuni. Atasema alikuwa anayaiba. Utawaambia nini? Kitabu ni changu, ufunguo ulikuwa wangu, uongo ni wangu. Miaka ishirini na miwili sijawahi kutoka na kisado cha unga chini ya kanga. Siku ya kuniaga walinivisha kitenge, walimu walisimama. Kina mama wa kanisa wananiita mimi kuhesabu sadaka. Hiki ndicho nilicho nacho, sina kingine. Na Andongwisye ana watoto wawili, naye alibeba yale magunia kwa sababu mimi nilimwambia abebe.

Sikatai kusema. Nasema nisisemewe na picha ya simu. Nitakuja mwenyewe. Prisca ataweza kubaki peke yake kuanzia Ijumaa, Jumamosi napanda basi, Jumapili nitakuwa Tukuyu. Nitasimama mbele ya mkuu na huyo mhandisi wako nitasema kwa mdomo wangu, waniulize wapendavyo, hata kama nusu sitaisikia. Jengo limesimama siku kumi na sita. Siku tano nyingine haziwezi kulishinda.

Nisubiri hadi Jumapili. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu nikuzae. Nakuomba hiki.

Mama yako


Ibighi, Tukuyu
Jumatano, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Namshukuru Mungu homa ya Gwakisa imeshuka. Waambie wasimfunike sana.

Wasichana wametoka. Naanza na hilo ili usisome ukiwa na shaka. Wametoka leo saa saba mchana, wote, mvua ikinyesha, magodoro yamefungwa kwenye nailoni. Safari hii hawakuimba. Mwalimu Medard alisimama mlangoni akiwahesabu kwa kugusa kila kichwa, alipofika tisini na sita akahesabu upya. Nimeibandua kadi ya kijani na kupigilia nyekundu, misumari minne. Atupele alikuja kusimama karibu yangu. Nilidhani atanitania. Akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulipolala kitandani kwangu ulikuwa hujui?" Nikamwambia nilikuwa sijui. Akafikiri, akasema, "Mimi ningekasirika ungekuwa unajua," akaenda zake na godoro.

Jengo limesimama. Ukilitazama kutoka barabarani utasema nimewatoa watoto kwenye nyumba nzima. Linaweza kusimama hivyo miaka mingi. Inawezekana Jumapili ungelikuta vilevile, ukaingia, ukasema maneno yako, na kila mtu akakuheshimu zaidi kwa kuja. Nimeliwaza hilo tangu jana jioni nilipopata barua yako, nimeliwaza kwa kila njia ninayoijua, na kila mara nilifika kwenye Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, siku nne za watoto kuingia ndani, mimi peke yangu nikijua. Hapana. Mimi na wewe tukijua.

Jana jioni uliniomba kitu kikubwa cha kwanza maishani mwako. Leo asubuhi nilikaa kitandani na simu, nikaandika taarifa. Nimeandika kwamba mstari wa mzigo uliopo ghorofani niliujaza mimi, bila kufunguliwa mlango, kwa sababu mtunza stoo alikuwa mama yangu na sikuona adabu kumuuliza mara mbili. Nimeandika kwamba kosa la kipimo ni langu, kwa jina langu kamili. Nimeandika habari ya maji ya sakafuni na mahindi yaliyoota, mwanzo kabisa, ili asiyependa kusoma sana akutane nayo kwanza. Andongwisye sikumtaja, na kwenye picha ya barua yako nimelifunika jina lake kwa weusi kabla ya kuituma. Lakini mwandiko ni wako na jina la mtunza stoo nililoliandika kwenye taarifa ni lako, kwa sababu bila hilo ilikuwa kelele ya sekunde tatu.

Mhandisi Lazaro alinipigia akiwa ameshaisoma. Halafu akauliza, "Huyu ni mama yako mzazi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Nafuta kadi sasa hivi." Alhamisi ijayo kamati inakuja na vifaa vya kuangalia ndani ya zege. Wamesema watataka kukuona. Kama bado utapanda basi Jumamosi, nitakuwa stendi. Kama hutapanda, nitaelewa, na kama ukifika ukanipita bila kunisalimia nitakubebea mzigo nyuma.

Andongwisye amenipita leo jikoni akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Kuna watu walinyonya bure."

Barua yako niliituma saa nne na dakika kumi asubuhi. Hii nakuandikia jioni. Sikukutaarifu kabla, mama, kwa sababu ungenikataza kwa mara ya pili, na mara ya pili ningetii.

Mwanao,
Tuli